Intro ipi kwa habari ipi: moja kwa moja, picha, nukuu au "wahenga walisema"?

Habari yangu ya kwanza kutoka mkoani ilianza hivi:

"MKUU wa Wilaya, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya hiyo, amewataka wataalamu wa idara ya maji kufanya kazi kwa weledi, uadilifu na kujituma ili kutatua changamoto zinazowakabili wananchi."

Mhariri wa zamu akanipigia simu. "Bwana mdogo, kwani huko kumetokea nini?" Nikamweleza: pampu ya kisima imekufa, vijiji vitatu vinateka maji mtoni pamoja na ng'ombe, huu mwezi wa nne. Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona hayo umeyaficha aya ya saba?" Kesho yake habari ikatoka imeanza hivi:

"WAKAZI wa vijiji vitatu wanateka maji mtoni pamoja na ng'ombe, huu ukiwa mwezi wa nne tangu pampu ya kisima chao ilipoharibika."

Ukiziweka intro hizo mbili, yaani sentensi za kufungulia habari, bega kwa bega, zote ni za kweli, na zote ni za aina ile ile tunayofundishwa chuoni: nenda moja kwa moja kwenye jambo. Tofauti ni kwamba ya kwanza imeanza na aliyesema na ya pili imeanza na kilichotokea. Mazoea yetu ya kuanza na mkubwa nayaelewa. Habari nyingi tunazipata kwenye ziara, semina na vikao, na mara nyingi mwandishi amefika huko akiwa amepakiwa kwenye gari la msafara. Unaona aibu kutoanza na mwenye gari.

Kipimo ninachotumia siku hizi ni cha barazani tu. Mtu akikutana na jirani yake akiwa na habari moto, huanza na neno moja: "Umesikia?" Basi liweke neno hilo mbele ya intro yako, usome kwa sauti. "Umesikia? Watu wa vijiji vitatu wanateka maji mtoni na ng'ombe." Inakwenda. "Umesikia? Mkuu wa wilaya, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, amewataka wataalamu..." Jirani ameshaingia ndani kuangalia maharage yake jikoni.

Moja kwa moja: pale ambapo msomaji hajui

Hii ndiyo intro inayojibu nani, nini, wapi na lini kwa sentensi moja, mbili zikizidi. Kwa nini na vipi vinaweza kungoja aya ya pili. Tuichukue siku ambayo karibu kila mtu wa Afrika Mashariki anaikumbuka, Jumamosi ya Oktoba 12, 2019:

"MWANARIADHA wa Kenya, Eliud Kipchoge, leo amekuwa binadamu wa kwanza kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili, baada ya kutumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna, Austria."

Hakuna pambo hata moja, na halihitajiki. Uzito wote umebebwa na maneno "wa kwanza" na "chini ya saa mbili". Lakini angalia pia neno ambalo halimo: rekodi. Siku ile wapo walioandika kwamba Kipchoge amevunja rekodi ya dunia, na hapo intro inakuwa imekosea kabla habari haijaanza. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa yake mwenyewe, saa 2:01:39, aliyoiweka Berlin mwaka 2018, na mbio za Vienna hazikuigusa. Hayakuwa mashindano ya wazi, kulikuwa na wakimbiaji 41 waliopangwa kupokezana kumwekea kasi, na maji aliletewa kwa baiskeli, hivyo muda ule haukutambuliwa kama rekodi. Intro ya moja kwa moja ni fupi, na kwa sababu hiyo neno moja likiteleza huna mahali pa kulificha.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo wahariri wenzangu hunicheka nalo. Ukiandika "leo amekuwa", sawa. Ukiandika "jana", kitenzi kinataka kurudi nyuma nacho: "jana alikuwa". "Meli imezama jana" tunaiona kila siku magazetini, na sikio la mzungumzaji hujikwaa hapo hata kama hawezi kueleza kwa nini. Tunaitaka -me- kwa sababu inanukia upya, na hapo hapo tunaitaka "jana" kwa sababu ndiyo kweli. Mimi huchagua kimoja.

Jina likiwa geni, usilitangulize. Oktoba 7, 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wasomaji wengi wa magazeti ya Kiswahili walikuwa hawajawahi kulisikia jina lake. Kuanza na "Abdulrazak Gurnah ameshinda" ni kumpa msomaji mzigo asioujua. Bora uanze na sifa inayomgusa, kisha jina lifuate. Ila sifa ipi? "MTANZANIA ameshinda", "MZANZIBARI ameshinda", "MWANDISHI wa Uingereza mzaliwa wa Zanzibar ameshinda": kila moja ni msimamo, na siku zile watu walibishana hasa, mjadala ukafika hadi kwenye suala la uraia pacha. Ningekuwa zamu siku hiyo ningeandika "MWANDISHI mzaliwa wa Zanzibar", kwa sababu hilo halina ubishi, halafu uraia ningeueleza aya ya pili au ya tatu kwa utulivu.

Msiba: usianze na simanzi, usianze na Ikulu

Mei 21, 1996, asubuhi, mv Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Mtu akiniuliza intro ya moja kwa moja ina faida gani hasa, humwonyesha siku kama hiyo, kwa sababu wakati wa msiba mwandishi hushawishika na mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza ni simanzi. "Vilio, majonzi na simanzi vimetawala..." Sentensi hiyo naweza kuiandika usingizini, na ndilo tatizo lake. Haisemi chochote ambacho msomaji hakujua mara tu alipoona neno meli na neno kuzama. Majonzi yapo. Mwonyeshe msomaji mtu mmoja anayesubiri bandarini, huko chini kwenye habari, naye atayaona mwenyewe.

La pili ni Ikulu. "RAIS Benjamin Mkapa ametangaza siku tatu za maombolezo..." Hii ni habari, na msomaji anahitaji kujua. Lakini kama gazeti lako ndilo linalomfikishia mtu wa Kemondo, bandari ya jirani na Bukoba, taarifa kwa mara ya kwanza, ukianza na tangazo la Rais unamfanya asome mstari mzima kabla hajajua nani amekufa na wapi. Meli kwanza, Rais aya ya tatu.

La tatu ndilo gumu: idadi. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo siku ya kwanza hapakuwa na namba ya kuaminika, na mwandishi aliyekimbilia kuweka namba kwenye mstari wa kwanza aliweka kitu ambacho kesho yake kingebadilika. Hesabu ya waliokufa baadaye ilipita 800. Intro inayosimama siku kama ile ni hii:

"MELI ya mv Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza imezama leo asubuhi katika Ziwa Victoria, na mamia ya watu wanahofiwa kufa. Idadi kamili ya abiria haijulikani, kwa kuwa waliokuwa daraja la tatu hawakuorodheshwa."

Sentensi ya pili inakiri tusichokijua, na kukiri huko tayari ni habari. Msomaji makini anaona hapo kwamba kuna swali kubwa la kuulizwa juu ya meli hiyo.

Siku ya pili

Gazeti la Jumapili, Oktoba 13, 2019, lilikuwa na shida nyingine kabisa. Kipchoge alimaliza ikikaribia saa tano na robo asubuhi kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, Jumamosi, watu wakiwa mbele ya televisheni. Ukimwambia msomaji Jumapili kwamba Kipchoge amekimbia chini ya saa mbili, umemletea maji mtu anayetoka kuoga.

Hapa ndipo magazeti ya Tanzania hukimbilia "Siku moja baada ya..." au "Wakati...": "WAKATI dunia ikiendelea kumpongeza Eliud Kipchoge, imebainika kuwa..." Siichukii "wakati" kama baadhi ya walimu wanavyoichukia. Inafaa pale inapounganisha mambo mawili yanayogongana kweli kweli. Kwa mfano, wakati wizara inasema dawa zipo, zahanati imefunga dirisha la dawa. Lakini tisa kati ya kumi ninazokutana nazo mezani zinaunganisha mambo yasiyojuana, na ukiikata nusu ya kwanza habari inasimama vizuri zaidi. "Imebainika" nayo huwa najiuliza, imebainishwa na nani? Kama ni wewe uliyebaini, sema. Kama umesoma mahali, mtaje.

Njia bora ya siku ya pili ni kumpa mtu kile ambacho televisheni haikumweleza. Wale wakimbiaji 41 walipangwaje? Watano mbele kwa umbo la V, wawili nyuma, wakibadilishana bila yeye kupunguza mwendo. Anza na hao. Msomaji aliwaona jana kwa macho yake, hakujua walikuwa wanafanya nini.

Picha: kuanza na tukio lenyewe

Hii ndiyo intro ninayoipenda na ndiyo ninayoikata mara nyingi. Badala ya kusema jambo, unamweka msomaji mahali pake, halafu jambo linakuja aya ya tatu.

Mfano wangu wa siku zote ni John Stephen Akhwari, Mexico City, Oktoba 20, 1968. Marathoni ya Olimpiki ile aliishinda Mamo Wolde wa Ethiopia kwa saa 2:20:26. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na wa 57 alikuwa Akhwari wa Tanzania, kwa saa 3:25:27. Ukienda moja kwa moja unapata hii:

"MWANARIADHA wa Tanzania, John Stephen Akhwari, ameshika nafasi ya mwisho katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki iliyofanyika jijini Mexico City."

Kila neno ni sahihi na habari imekufa. Msomaji amefunga ukurasa kwa huzuni kidogo na hatakumbuka chochote kesho. Sasa ijaribu kwa picha:

"Jua lilikuwa limezama na watazamaji wengi walikuwa wameshaondoka uwanjani. Mshindi alikuwa amemaliza saa nzima na zaidi iliyopita. Ndipo akaingia mtu mmoja anayechechemea, bandeji ikiwa imefungwa mguuni, akaanza kuuzunguka uwanja."

Nani huyo? Msomaji anataka kujua, na atashuka mpaka aya ya tatu kukutana na jina. Ukweli haujabadilika hata chembe, ni mpangilio tu. Matokeo ndiyo jambo dogo katika habari ya Akhwari, na jambo kubwa ni namna alivyofika mwisho. Hilo ndilo swali la kujiuliza unapochagua kati ya aina hizi mbili. Kama kubwa ni matokeo, nenda moja kwa moja. Kama kubwa ni namna, au mtu mwenyewe, anza na picha. Ushindi wa Gurnah ulikuwa matokeo. Simu iliyomkuta jikoni kwake Uingereza, akadhani anataniwa, inafaa makala ya Jumapili.

Ninazikata kwa sababu mbili. Moja, waandishi huzibandika kwenye habari zisizo na namna yoyote. "Upepo mwanana ulikuwa ukivuma katika ukumbi wa mikutano..." halafu unagundua ni semina ya siku mbili ya ujasiriamali. Mbili, na hii ni kubwa zaidi, picha hutungwa. Nilimuuliza kijana mmoja aliyeandika kwamba mama mjane alifuta chozi kwa upindo wa khanga, "Ulimwona?" Akasema, "Mzee, si lazima alilia?" Hapana. Kama hukuona, na hakuna aliyeona akakusimulia, picha hiyo huna. Rudi moja kwa moja.

Nukuu

Kuanza na maneno ya mtu kunavutia kwa sababu kazi ya kuandika anakufanyia yeye. Akhwari alipoulizwa kwa nini hakuacha mbio, jibu lake limekuwa maarufu duniani: nchi yake haikumtuma maili zote zile kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Umeona nilivyoliandika bila alama za kunukuu? Ukizunguka kwenye vitabu na magazeti utakuta maili 5,000, kwingine 7,000, kwingine 10,000. Maana haikubadilika, ila maneno yanahama kutoka mwandishi hadi mwandishi. Alama za kunukuu kwenye mstari wa kwanza ni kiapo, na kiapo hakiapwi juu ya namba inayotembea.

Kuna la pili, linalotuhusu sisi wa Kiswahili zaidi. Nukuu nyingi tunazozianzia zilisemwa kwa Kiingereza. Kauli ya Kipchoge iliyozunguka dunia nzima utaikuta "hakuna binadamu mwenye mipaka", na kwingine "hakuna binadamu aliyewekewa kikomo". Ipi alisema? Hakuna. Kwa hiyo mimi hukubali nukuu ya kuanzia ikiwa imesemwa kwa Kiswahili, ni fupi, na haihitaji maelezo kueleweka. Mvuvi akisema "Ziwa limetufukuza", anza naye. Waziri akisema "Serikali itaendelea kuweka mazingira wezeshi", mwache aya ya sita apumzike.

Swali, methali na jamaa zao

Swali lina kazi moja tu nzuri: habari ya maelezo, ambapo msomaji mwenyewe ana swali hilo kichwani. Je, kadi ya zamani ya bima bado inatumika? Hapo sawa, mradi jibu lije mstari unaofuata. Kuanza habari ya Vienna kwa "Je, binadamu anaweza kukimbia marathoni chini ya saa mbili?" ni kumuuliza mtu jambo aliloliona. Na kwenye msiba, usithubutu.

Methali ni ugonjwa wetu wenyewe, hatukuuazima popote. "Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu." "Waswahili husema ajali haina kinga." Lugha yetu ina utajiri huo na mtu anaona ni ubahili kutoutumia. Lakini chukua hiyo ya mvumilivu uibandike juu ya habari ya Kipchoge, kisha ya Gurnah, kisha ya mkulima aliyepata hati ya shamba baada ya miaka mingi. Inakaa kote. Kinachokaa kote hakijasema lolote kuhusu habari yako. Ya ajali ni mbaya zaidi, kwa kuwa basi lililopinduka kwa sababu ya matairi yaliyoisha lilikuwa na kinga, nayo ni matairi mapya. Umemsamehe mwenye basi kwa sentensi ya kwanza.

Nitaiacha methali kama imo kinywani mwa mtu wa kwenye habari, ameisema yeye na imebeba hasira yake au kejeli yake. Hiyo tena ni nukuu.

"Katika hali isiyo ya kawaida" sina la kuisema. Ifute tu.

Sikio na kioo

Yote hayo ni ya gazeti. Redioni msikilizaji hawezi kurudi nyuma, na maneno manne matano ya kwanza humpita akiwa bado anageuza chapati. Kwa hiyo jambo zito lisikae kwenye neno la kwanza, na namba ndefu isikae kabisa. "Saa moja, dakika hamsini na tisa na sekunde arobaini" ni pumzi nzima ya mtangazaji. "Chini ya saa mbili" imetosha, sekunde zije baadaye. Cheo kabla ya jina, kwa sababu cheo ndicho kinachompa sikio nafasi ya kujiandaa. Na picha ya Akhwari, iliyokaa vizuri kwenye karatasi, redioni lazima ifupishwe iwe sentensi moja, au iachiwe kipindi cha michezo cha jioni.

Arifa ya simu ni kinyume chake. Kioo kinakata baada ya maneno kumi na kitu, hivyo kila neno la mbele ni la dhahabu. "Meli imezama Ziwa Victoria, mamia wahofiwa kufa." Vyeo vyote viko nje.

Mwandishi akiniletea habari nami sina hakika aianzeje, humuuliza kwanza msomaji wake atakutana nayo saa ngapi na wapi, na wakati huo atakuwa ameshajua nini. Mara nyingi huishia moja kwa moja, na huondoka amenuna kwa sababu alikuwa na picha nzuri. Namwambia aiweke aya ya nne, nafasi ipo. Ile habari yangu ya maji ilitoka ukurasa wa tano, aya sita. Mkuu wa wilaya alikuwemo, na cheo chake kimoja tu.